Gereji ya magari mawili, futi 2 toka mpaka, na jirani anayedai njia

Swali limetoka kwa mama mmoja Mkenya anayeishi kitongoji cha Minneapolis, Minnesota, nimwite Mama Brian. Nimelifupisha kidogo:

"Tulinunua nyumba 2019. Kiwanja kina upana wa futi 50. Nyuma kuna gereji ya zamani ya gari moja, imejengwa miaka ya 1950, upana futi 12 urefu futi 20, iko futi 2 tu toka mpaka wa mashariki. Tunataka kuibomoa tujenge ya magari mawili, 22 kwa 24. Manispaa inataka setibaki, yaani nafasi ya lazima, ya futi 5 toka mpaka, lakini kusogea magharibi hatuwezi kwa sababu ardhi inaanza kuporomoka kama futi 25 toka mpaka huo, kwa hiyo tumeomba variansi, yaani ruhusa ya kutofuata sheria hiyo, tubaki kwenye zile futi 2. Kontrakta ameisogeza mbele futi 6 kuliko ya zamani ili bustani yangu ya nyuma ibaki. Sasa jirani wa mashariki, mzee mstaafu, ameandikia manispaa barua kwamba familia yake imekuwa ikipita kwenye futi 8 za kiwanja chetu tangu miaka ya 1970 kuingia gereji yake na hiyo ni haki yake kisheria. Afisa wa manispaa katuambia tu hilo tumalizane wenyewe. Kikao ni wiki tatu zijazo. Wanaweza kutunyima kwa sababu ya huyu mzee? Na wakitupa si ndo basi tunajenga?"

Mama Brian, naanza na swali la mwisho maana hilo ndo lenye hatari ya kuwala hela nyingi. Hapana, wakiwapa variansi bado hamjapata ruhusa ya kujenga juu ya haki ya mtu mwingine. Variansi ni manispaa kulegeza sheria yake yenyewe, ile ya futi 5, na sheria ni yao kwa hiyo wanaweza kuilegeza. Haki ya njia, kama ipo, si ya manispaa, ni ya jirani, na bodi nzima ya manispaa inayoamua maombi haya ikipiga kura kuwaunga mkono haiwezi kuigusa hata inchi. Ni kama trafiki akuruhusu kupaki mbele ya geti la mtu, tiketi hutapata lakini mwenye geti bado ana haki ya kutoka. Mkimwaga zege na baadaye mahakama ikaona mzee alikuwa na haki yake, jaji ana uwezo wa kuamuru sehemu iliyoziba njia ibomolewe, na karatasi ya variansi haitawakinga.

Sasa je, wanaweza kuwanyima kwa sababu yake? Kwa sababu tu hapendi, hapana. Mahakama za Minnesota zimekuwa zikisema muda mrefu kwamba malalamiko ya jumla ya majirani, bila ushahidi unaoshikika, si sababu inayotosha kukataa ombi la zoningi, yaani linalohusu sheria za manispaa za matumizi ya ardhi. Na afisa aliyewaambia mmalizane wenyewe hakuwa anawafukuza, alikuwa anasema ukweli: bodi ya manispaa haina mamlaka ya kuamua nani ana haki ya njia, hiyo ni kazi ya mahakama ya wilaya. Lakini msije mkadhani barua ile haina nguvu. Itaingia kwa mlango mwingine. Mjumbe mmoja wa bodi atauliza, hivi gereji ikikaa pale yule bwana anaingiaje kwake? Na mkikosa jibu lenye mchoro, kikao kitaahirishwa, au watawapa na sharti kwamba hakuna kibali cha ujenzi mpaka mlete makubaliano yaliyosajiliwa, au watakataa kwa sababu nyingine kabisa inayohusu setibaki ambayo hata hamkujiandaa nayo.

Kwa hiyo mna mambo mawili tofauti na lazima myashike tofauti. Nianze na la manispaa.

Sheria ya jimbo, kifungu cha 462.357, inataka muonyeshe kile wanachokiita ugumu wa kiutekelezaji. Kuna vitu vitatu: kwamba mnataka kuitumia ardhi kwa namna ya kawaida inayokubalika, kwamba tatizo linatokana na hali ya pekee ya kiwanja chenu ambayo nyie hamkuisababisha, na kwamba mkipewa mtaa hautabadilika sura. Juu ya hapo ombi liendane na nia ya sheria ya zoningi na mpango mkuu wa manispaa. Na kuna sentensi moja kwenye kifungu hicho watu wengi wanaikanyaga: sababu za kiuchumi peke yake hazihesabiki. Yaani ukisimama ukasema kujenga ukuta wa kuzuia udongo upande wa magharibi ni ghali, umejifunga mwenyewe.

Historia ya hicho kipimo inawahusu sana kwa sababu ilianza na gereji na jirani. Mwenye nyumba mmoja kule Minnetonka alikuwa na gereji ya zamani ambayo haikutimiza setibaki, akaomba aongeze chumba juu yake, manispaa ikampa variansi, jirani akapeleka kesi mpaka mahakama ya juu kabisa ya jimbo na mwaka 2010 jirani akashinda. Mahakama ilisoma sheria kama ilivyokuwa wakati ule, kwamba lazima uonyeshe kiwanja hakina matumizi yoyote ya maana bila variansi, na hicho kiwango karibu hakuna mtu angekifikia. Manispaa zikabanwa jimbo zima, ndipo mwaka 2011 bunge la jimbo likabadilisha sheria ikawa hii ya sasa ambayo ni laini zaidi. Ila mkumbuke jirani aliyekasirika bado anaweza kupeleka uamuzi wa manispaa mahakamani. Kwa hiyo hata mkishinda kikao, uamuzi uwe umeandikwa na sababu zake vizuri, muombe hivyo kabisa, maana uamuzi usio na sababu ndo rahisi kuvunjwa.

Kesi yenu upande huu mi naiona si mbaya. Gereji ya magari mawili kwa familia Minnesota, pale Januari inaposhuka nyuzi 20 chini ya sifuri na gari linakataa kuwaka, ni matumizi ya kawaida kabisa. Mteremko hamkuuchimba nyie. Mkikaa futi 2 toka mpaka na gereji ya futi 22, ukuta wa magharibi unaishia futi 24, ndani ya eneo tambarare. Mkisogea futi 5 unaishia 27, yaani futi 2 kwenye mteremko. Na hapo ndo swali gumu litakuja, jiandaeni nalo: mbona msijenge ya futi 20 toka futi 5, ikaishia hapohapo 25 bila variansi yoyote? Futi 20 inabeba magari mawili, kwa shida lakini inabeba. Jibu lisiwe la hela. Mwiteni mtu aangalie maji yanakwenda wapi mkijenga ukingoni mwa mteremko, udongo wake ukoje, msingi utakuwaje, maana kwa sehemu za Minneapolis msingi wa kukwepa baridi ya ardhini unashuka inchi 42, na gereji iliyojitenga ambayo kwenye tambarare ingeweza kukaa juu ya slebu ya zege tu, kwenye mteremko ni habari nyingine. Mkileta barua ya injinia ya ukurasa mmoja inayosema maji yatamwagikia kiwanja cha chini, hiyo ni hoja ya ardhi siyo ya mfuko.

Jambo lingine dogo ambalo kontrakta alipaswa kuwaambia. Ukuta ulio chini ya futi 5 toka mpaka kwa kawaida unatakiwa uwe wa kustahimili moto kwa saa moja, na chini ya futi 3 hakuna dirisha wala mlango upande huo. Na mwisho wa paa uangalieni. Paa likitokeza futi moja, maji yake na barafu yake vitadondoka futi moja toka mpaka, na theluji inayoserereka kwenye paa kwa kishindo mwezi wa tatu itaangukia njia ya mzee. Wekeni bati la kukinga na mfereji wa kurudisha maji kwenu, na muuonyeshe kwenye mchoro. Wajumbe wa bodi wanapenda kuona mtu aliyefikiria hilo kabla hajaulizwa, na jirani naye anapungua kusema.

Haya, sasa la mzee, ambalo ndo zito.

Kitu cha kwanza, leo hii kabla ya kumpigia mtu yeyote, tafuteni ardhi yenu iko kwenye mfumo gani. Minnesota ina mifumo miwili ya kusajili ardhi inayoishi pamoja, na mara nyingine nyumba mbili zilizopakana ziko mifumo tofauti. Kuna abstrakti, ambapo umiliki unafuatiliwa kwa mlolongo wa hati zilizosajiliwa, na kuna Torrens, iliyoingia jimbo hili mwaka 1901, ambapo kaunti inatoa cheti kimoja cha umiliki na kila mzigo ulio juu ya ardhi, kama haki ya njia ya mtu mwingine, unaandikwa kwenye cheti hichohicho. Wakenya mnaujua huu wa pili hata kama hamjui jina lake, ulianzia Australia Kusini 1858 na ndo uliozaa usajili wa hati kwetu enzi za mkoloni. Mkiangalia kwenye tovuti ya kaunti au mkipiga simu ofisi ya usajili na namba ya kiwanja, watawaambia ndani ya dakika chache.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mzee anadai haki inayotokana na kupita miaka mingi, na sheria ya Minnesota inasema wazi kwamba juu ya ardhi ya Torrens haki haizaliwi kwa kupita au kukalia, hata apite miaka 50. Kama kiwanja chenu ni Torrens tangu kabla hajaanza kupita, na kwenye cheti hakuna maandishi ya njia, hoja yake ya tangu miaka ya 1970 imekufa na wakili wake atamwambia hivyo. Kama ni Torrens na kwenye cheti kuna haki ya njia imeandikwa, basi ipo na mtaiheshimu neno kwa neno.

Kama ni abstrakti, kaeni chini maana mambo yanabadilika. Hapo haki ya njia inaweza kuzaliwa kwa matumizi ya miaka 15 ambayo ni ya wazi, hayakukatika, na si kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Nyie kutumia njia ileile hakumharibii, mnaweza kupita wote na yeye akawa na haki. Na kama miaka 15 ilishatimia kwa wamiliki waliopita, nyie kununua 2019 hakukuifuta, mliinunua nayo. Mbaya zaidi, akishaonyesha amepita wazi miaka yote hiyo bila kusumbuliwa, mahakama inachukulia hakuwa amepewa ruhusa, na mzigo wa kuonyesha kwamba aliruhusiwa unahamia kwenu.

Hilo neno ruhusa ndo roho ya kesi. Kama mwenye nyumba aliyewatangulia alimwambia pita tu jirani yangu, basi ule ulikuwa ukarimu, na ukarimu hauzai haki. Mtafuteni aliyewauzia, au watoto wake, waulizeni kwa upole waliishi vipi na huyu mzee, na kama wanakumbuka ruhusa muwaombe waandike na kuapa mbele ya notari. Halafu tafuteni picha za angani. Chuo Kikuu cha Minnesota kina mkusanyiko wa picha za zamani za angani kwenye intaneti, bure, za miongo mingi nyuma, na kaunti zina za kwao. Mnachotafuta ni gereji yake ilijengwa lini, mlango wake ulikuwa unaangalia wapi, na alama za matairi zinapita wapi. Nimeona madai ya miaka mingi yakisinyaa kwa sababu picha inaonyesha mlango ulikuwa upande wa pili, na nimeona pia kinyume chake, picha ikamthibitisha jirani kabisa.

Na sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike kirefu, kwa sababu naona kwenye maelezo yako kuna kitu hamjakiona.

Gereji yenu ya zamani iko futi 2 toka mpaka tangu miaka ya 1950. Mzee anasema anatumia futi 8 tangu miaka ya 1970. Sasa, kutoka futi 2 kuelekea ndani pale palipo na gereji kuna ukuta. Umekuwepo muda wote huo. Hakuna gari lililowahi kupita katikati ya ukuta. Haki inayozaliwa na matumizi inaishia pale matumizi yenyewe yalipoishia, haiwezi kuwa pana kuliko matairi yalivyopita. Kwa hiyo futi zake 8, kama ni za kweli, ziko mbele ya gereji yenu, kati ya barabara na ule mlango wa zamani, pale anapokata kona kuingia kwake na anaporudi kinyumenyume kutoka. Chini ya gereji ya zamani na nyuma yake hana kitu, labda iwe kuna hati iliyoandikwa inayosema vingine.

Halafu tazama kontrakta alichofanya. Ameisogeza mbele futi 6, yaani ameitoa mahali ambapo mzee hana hoja akaipeleka palepale anapogeuzia gari. Futi hizo 6 ndo zilizoandika barua ile. Ukinyoosha mstari wa mbele wa gereji mpya ukaanzia palepale ilipoanzia ya zamani, na zile futi 4 za ziada za urefu zikaenda nyuma, mgogoro mkubwa unaisha hata kabla ya kujua ardhi ni Torrens au abstrakti. Kitakachobaki ni kona ya mbele upande wa magharibi, zile futi 10 mnazoongeza, na hizo ziko mbali na anapopita.

Najua hiyo inakula bustani. Futi 4 za sukuma wiki na managu kwa upana wa gereji zinauma, hasa kwa mtu aliyeuhangaikia udongo ule miaka yote hiyo. Lakini linganisha na kesi ya kuthibitisha umiliki mahakamani, maelfu ya dola kwa wakili na mwaka au zaidi ya kununiana na mtu mnayeonana naye kila asubuhi mkisafisha theluji. Mi ningetoa bustani bila kufikiria mara mbili. Angalia tu nyuma kama kuna ukanda wa nguzo za umeme au mifereji ulioandikwa kwenye ramani ya viwanja, maana huo nao ni haki ya njia, ya kampuni na manispaa, na haujengewi. Na kabla ya kuchimba chochote pigeni 811 waje kuweka alama za nyaya na mabomba, ni bure.

Ili haya yote yasimame mnahitaji sovei. Siyo ile michoro ya benki wakati wa kununua, hapana, sovei ya mpimaji mwenye leseni, inayoonyesha mpaka, gereji ya zamani, ya mzee, lami ilipoishia, na muombeni achore pia njia ya magurudumu kama inaonekana. Inawezekana hata hizo futi 2 si 2. Mipaka ya kukadiria kwa fensi imewaaibisha wengi kikaoni.

Tafuteni pia sera yenu ya bima ya hati, ile ya kuwalinda mtu akija kudai haki juu ya ardhi mliyonunua. Wakati wa kununua huenda mlilipia mbili, moja ya kumlinda mkopeshaji na moja ya kuwalinda nyie, na watu wengine waliruka ya pili kupunguza gharama. Kama mnayo, fungueni sehemu ya vitu visivyolindwa. Sera nyingi za kawaida zinatoa nje haki za njia ambazo hazijasajiliwa, ila kuna zilizopanuliwa ambazo zinazibeba. Waandikieni kampuni ya bima sasa hivi kwamba kuna dai, kwa maandishi, msingoje kesi. Wakikubali, wakili ni juu yao.

Kama itajitokeza hati ya zamani iliyosajiliwa, isomeni maneno yake pole pole. Inasema upana gani, kwa kazi gani, ni ya mtu binafsi au inafuata kiwanja chake? Kutotumika miaka kadhaa hakuiui yenyewe, lazima ionekane mwenye nayo aliiacha kwa kukusudia. Sheria ya miaka 40 inayosafisha mizigo ya zamani kwenye hati inawasaidia wengine, lakini kama mzee anaitumia njia na inaonekana kwa macho, msiitegemee. Na msidhani mnaweza kuihamisha njia upande mwingine kwa kuwa huko ni pazuri zaidi. Bila yeye kukubali haihami.

Sasa muda. Wiki tatu kabla ya kikao hazitoshi kwa haya, na msijilazimishe. Minnesota ina sheria ya siku 60: manispaa ikipokea ombi kamili la maandishi la zoningi lazima iamue ndani ya siku 60, isipokataa linahesabika limekubaliwa, na inaweza kujiongezea siku nyingine 60 kwa kuwaandikia. Nyie pia mnaweza kuomba waongeze. Mwandikieni afisa barua fupi, semeni mnarekebisha mchoro kwa sababu ya hoja ya jirani, mnaomba kikao kisogezwe na mnakubali muda uongezwe. Watafurahi, hakuna manispaa inayopenda kuamua jambo likiwa bichi. Msiende kikaoni "kujaribu bahati". Ukikataliwa, manispaa nyingi zinakufungia kuleta ombi lilelile kwa miezi sita au mwaka, na ada unalipa upya. Kuahirisha hakuna doa.

Kisha nendeni kwa mzee. Nyie wawili, na mchoro mpya mkononi, mkiweza muwe na mtu mzima anayeheshimika mtaani, maana hata hawa wazee wa huku wanalegea mbele ya mtu wa tatu. Msianze na nani ana haki. Mwambieni mmesoma barua yake, mmerudisha gereji nyuma, na mnataka akae kwenye gari lake awaonyeshe anavyogeuza. Mpeni nafasi aendeshe kweli, Baba Brian aweke koni au ndoo pale kona ya gereji mpya itakapokuwa. Nina imani akiona ndoo haiguswi, barua ya pili kwa manispaa itakuwa tofauti na ya kwanza.

Mkielewana, lazima iandikwe. Maneno ya kibarazani kuhusu ardhi hayana nguvu, wala kupeana mikono. Wakili aandike makubaliano: sehemu hii ya mbele mzee anapita, upana huu mpaka hapa, na sehemu nyingine yote anaachia dai lolote alilonalo, nani anasafisha theluji na nani anatengeneza lami. Kwa Minnesota mkiwa mnaishi kwenye hiyo nyumba na mmeoana, wote wawili mnasaini hata kama hati ina jina la mmoja, na upande wake vivyo hivyo. Waulizeni wakopeshaji kama wanataka kuridhia. Kisha isajiliwe kaunti. Ila angalizo, mzee au mtoto wake akiwaletea karatasi kabla ya hapo ya "kuthibitisha tu mazoea", msisaini, inaweza kuwa ndo ushahidi pekee aliokuwa anaukosa.

Akikataa katakata hata kutazama ndoo, bado mnaweza kwenda kikaoni na mchoro uliorudishwa nyuma. Semeni: gereji inaanzia ilipokuwa ya zamani kwa miaka zaidi ya 60, hapa ndipo jirani anapita, hatujagusa, mteremko ni huu, barua ya injinia ni hii. Dakika tatu, msimseme mzee vibaya hata neno moja. Kama wajumbe wataweka sharti linalohusu njia, msibishane nalo palepale, mradi liwe linahusiana moja kwa moja na athari ya ujenzi wenu, sheria inawataka hivyo.

Mwisho, umeandika mwishoni mwa barua yako kwamba Baba Brian anataka kuanza kubomoa ya zamani wikiendi hii "ili kazi ionekane". Mwambie aache kabisa. Gereji iliyojengwa kabla ya sheria ya setibaki ina kinga: mnaweza kuitengeneza, hata kuijenga upya palepale kwa kipimo kilekile bila variansi, ila si kuipanua, na kinga hiyo inapotea mkikaa zaidi ya mwaka bila kuitumia. Mkiibomoa sasa na variansi ikakwama, saa inaanza kuhesabu, na mnajikuta hamna gereji wala pa kuijenga. Zaidi ya hapo, ule ukuta uliosimama futi 2 toka mpaka ndo ushahidi wenu mkubwa kwamba gari la mzee halikuwahi kupita hapo. Mpimaji aupime kwanza ukiwa wima, mpige picha pande zote nne mkiwa na futi ya kupimia ukutani, na gereji ya mzee na mlango wake vionekane nyuma. Na msirundike theluji kwenye njia yake msimu huu, hata kidogo, hata kama yeye alirundika kwenu mwaka jana.